Makohozi ya Mwezi wa Ramadhani

Mwaka ule wa mafunzo ya maabara pale Kibiti, nililihangaikia faili langu la ushahidi wa vipimo nilivyofanya kuliko mgonjwa yeyote. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, zahanati za watu binafsi zinafunguliwa kila kukicha, na zote ziliuliza cheti. Bila faili kujaa, cheti hakuna. Nikachora jedwali: malaria tayari, kichocho tayari, makohozi ya kifua kikuu niliyopima peke yangu, bado sampuli moja. Mtahini alikuwa anakuja Jumatatu.

Alhamisi, katikati ya Ramadhani, akaja mzee mmoja wa Mahege, amekonda, anakohoa. Nikampa kikopo. Akakirudisha na mate matupu, yenye povu.

"Kohoa kutoka ndani, babu."

"N'mefunga, mwanangu. Nikijikamua hivyo n'tatapika, saumu iharibike."

Nami nilikuwa nimefunga, nikamwelewa. Ilitosha kumwambia aende na kikopo, akohoe kabla ya adhana ya alfajiri, alete. Lakini Mahege si jirani, na huenda asingerudi kabla ya Jumatatu. Nikayapaka mate kwenye kioo cha hadubini, nikayatia rangi, nikatazama. Nilijua kwenye mate matupu sitaona kitu. Nikaandika: hakuna vimelea.

Msimamizi wangu, mama mwenye utani, akasaini bila kukitazama kikopo. "Haya mwali, umeiva. Tukutoe nje sasa kwa ngoma."

Mzee alinishika mikono yote miwili. "Alhamdulillahi. Basi mjukuu wangu tuliyemhamisha kwa kikohozi hiki arudi kulala chumbani kwangu."

Nilifaulu. Nilisifiwa hata mwandiko.

Miezi miwili baada ya Idi mzee aliletwa amebebwa, na mjukuu, binti mdogo, anakohoa pembeni yake. Safari hii makohozi yalikuwa mazito. Kwenye hadubini vijiti vyekundu vya kifua kikuu vilijaa kila nilipotazama, nami nikavihesabu kama nilivyofunzwa. Nilingoja nione aibu, au uchungu. Sikusikia chochote. Mkono wangu ulikuwa mtulivu, na nilichukia utulivu wake, ila hata chuki hiyo ilikuwa ya mbali, ya mtu mwingine.

Nikatoka kumpa majibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Usihuzunike, mwanangu. Wewe ulinipima vyema. Huu umenipata baadaye, sivyo?"

"Ndiyo, babu," nikamjibu.