Koo la Mwalimu Spika

Walimuita Spika, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Akifundisha irabu darasa la kwanza, darasa la sita ng'ambo ya uwanja walijikuta wanazirudia bila kupenda. Mwalimu mkuu akipigiwa simu na wakubwa, ilibidi atoke akaongelee getini.

Mwaka ule sauti ilianza kumsaliti. Daktari wa koo alimmulika, akamwambia nyuzi za sauti zimeota vinundu. Akiendelea kupiga kelele mwaka mwingine mzima, atanong'ona mpaka kaburini.

"Punguza kuongea," alisema daktari.

"Nafundisha darasa la kwanza."

Daktari akainamisha kichwa kama mtu anayetoa pole msibani.

Basi nyumbani akawa hasemi, ili sauti iliyobaki iende kazini. Mama mkwe wake alivumilia siku mbili tu, ya tatu akamvuta pembeni mume wa Spika.

"Mwanangu, mkeo ana neno na mimi?"

"Ana vinundu, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo. Vinaanzaga na mama mkwe."

Kilichomponza Spika ni Mageuzi. Mtaala mpya uliagiza mtoto asikaririshwe. Akae kwenye kikundi cha watano, agundue mambo mwenyewe, mwalimu apite katikati akitabasamu. Na mwezi huohuo, kwa ajili ya kubana matumizi, mikondo miwili ya darasa la kwanza ikaunganishwa. Watoto zaidi ya mia, chumba kimoja, na mwalimu mmoja wa kutabasamu.

Spika ndiye aliyekuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni, cheo alichokipata kwa sababu wakati wa uchaguzi alikuwa ametoka kwenda chooni. Alipeleka malalamiko: darasa ligawanywe tena, koo lake halihimili. Baada ya kuzungushwa sana, akajibiwa kwamba afisa elimu atakuja kukaa kwenye kipindi chake. Akiona darasa linafundishika, malalamiko yamekwisha.

Asubuhi ya ukaguzi mkuu akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Nusu ya watoto watakaa stoo na Filimbi. Wewe baki na hao wengine. Afisa akiondoka, wanarudi."

Filimbi alikuwa mwalimu wa michezo, mzee aliyebakiza muhula mmoja astaafu. Tumbo lake lilikuwa limeshatangulia kustaafu.

"Mkuu, hicho ndicho ninacholalamikia," Spika alinong'ona.

"Nimekusikia. Yaani sijakusikia, lakini nimekuelewa. Sasa nielewe na mimi. Kuna shule moja kule bondeni wanataka mwalimu. Hospitali hakuna, daktari wa koo ndiyo kabisa. Nimeombwa jina. Bado sijatoa."

Spika akaenda nyuma ya vyoo, akampigia katibu wa chama wa wilaya.

"Dada yangu, tulia," katibu alisema, huku kijiko kikigonga kikombe. "Chama kiko nyuma yako."

"Nyuma umbali gani, katibu?"

"Haloo? Mtandao wako unakatakata."

"Siyo mtandao. Ni koo."

"Basi leo usilete fujo. Tutaongea na wakubwa."

Hakuleta fujo. Aliingia darasani na nusu ya watoto wake, wakakalia madawati mazuri yaliyoazimwa darasa la nne. Nusu nyingine ilikuwa stoo, chumba cha pili, na katikati palikuwa na plaiwudi tu. Afisa, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikaa nyuma kwenye kidawati, magoti yakimfikia kifuani. Mkuu akasimama mlangoni akilinda tabasamu lake.

Watoto waligawiwa vizibo vya soda wahesabu kwa vikundi. Shida ni kwamba hawakuwahi kuwa na nafasi kiasi kile, na nafasi iliwalevya. Mmoja alijilaza juu ya dawati aone linamtosha. Mwingine akagundua mwenyewe, kama mtaala ulivyotaka, kwamba kizibo kinaruka. Muda si mrefu vilikuwa vinaruka vyote.

Spika akafungua mdomo awanyamazishe. Kikatoka kitu kama mlango wa kabati bovu. Afisa akainua kalamu.

Hapo mikono ya Spika ikafanya kazi bila kumuuliza. Tangu koo liharibike, watoto wote alikuwa amewazoesha ishara: yeye makofi mawili, wao matatu, kisha waitikie pamoja na kunyamaza. Akapiga. Pa, pa.

Darasa likajibu. Na nyuma ya plaiwudi, stoo nzima nayo ikajibu.

"TUPO, MWALIMU!"

Ramani ikaanguka ukutani. Wa stoo ndio walioitikia vizuri zaidi, maana walikuwa wamezuiwa kusema tangu asubuhi.

Spika alitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

"Ni nani hao?" afisa aliuliza.

"Kwaya," alisema mkuu.

"Kwaya ya watu wangapi?"

"Inategemea na wimbo."

Afisa akajinasua kwenye kidawati, akaenda kufungua stoo. Watoto walikuwa wamebanana kati ya majembe na ndoo, na Filimbi katikati yao, kidole bado mdomoni kuwaonya.

"Shikamoo, mama!" wakasema wote.

Mkuu alikuwa mwepesi. "Nilijua tu! Ni huyu, afisa! Mtu wa chama huyu, amewaficha watoto ili aniharibie mbele yako!"

Afisa akamgeukia Spika. "Ni kweli? Kudanganya ukaguzi ni kosa la kufukuzwa kazi, mwalimu."

Spika akavuta pumzi, akasukuma. Haikutoka hata ile sauti ya kabati. Akajaribu tena, akiwa ameshika shingo. Upepo mtupu.

"Umeona? Hana la kusema," alisema mkuu.

Dirishani walimu wenzake walikuwa wamejaa. Mpango waliujua wote tangu asubuhi. Aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaanza kukagua viatu vyao. Afisa alikuwa tayari anaandika.

"Niliwaficha mimi," ilisema sauti kutoka stoo.

Filimbi alitoka akijikung'uta vumbi. "Na aliyenituma ndiye huyo anayeloanisha shati."

"Mzee," mkuu alisema kwa sauti ya chini, "umebakiza muhula mmoja."

"Ndiyo maana nasema haraka."

Pale dirishani mwalimu wa darasa la nne akakohoa. "Na hayo madawati ni yetu, afisa. Alikuja kuyachukua mkuu mwenyewe. Wangu wako sakafuni hivi sasa."

"Hata mimi nilimsikia akipanga," akaongeza mwingine, na baada yake hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Kwa kumsimamia Spika, walimpita hata katibu wa chama.

Afisa aliokota chaki, akamkabidhi mkuu. "Watoto wote waingie. Endelea na kipindi."

"Mimi?"

"Na utabasamu."

Waliingia wote, watatu watatu kwa dawati, wengine miguuni pa mkuu. Mkuu alianza kwa mbwembwe, akapandisha sauti, akapandisha tena. Kabla ya mapumziko alikuwa anawika kama jogoo mgonjwa, na kizibo kimoja kilikuwa ndani ya kola yake.

"Kugawanya darasa sina mamlaka," afisa alisema akifunga begi. "Mageuzi hayarudi nyuma. Ila tunaweza kuunda makundi makubwa mawili ya ujifunzaji, kila kundi na chumba chake na mwalimu wake."

"Si ndiyo kugawanya?" aliuliza Filimbi.

"Usilitamke hilo neno, mzee. Utaniponza."

Majembe yakatolewa stoo, Filimbi akapewa kundi la pili mpaka atakapostaafu. Spika alipewa mapumziko ya koo. Daktari hakumwahidi kitu, na muhula ujao nani atalishika kundi la Filimbi, hakuna aliyesema.

Spika aliporudi, alisimama mbele ya nusu yake. Alitaka kupaza sauti kwa mazoea, akajizuia.

"Fungueni madaftari," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Na kule nyuma kabisa, dawati la mwisho, wakafungua.