Saruji ya Kaburi la Bibi Perisi

Kiangazi cha mwaka huu mama alinituma kwao, ng'ambo ya Hombolo, nikajengee kaburi la bibi. Bibi yangu, Perisi, alifariki kiangazi kilichopita, na Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya ibada ya kumkumbuka. Mama ndiye mtoto wake wa kwanza, lakini miguu imemvimba kiasi kwamba hata kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Kwa hiyo kazi iliniangukia mimi, fundi cherehani wa Makole, nisiyejua lolote kuhusu saruji ila kwamba inachafua nguo.

"Sitaki mama yangu abaki chini ya tuta kama la viazi," alisema. "Weka vigae vyeupe. Unipigie picha. Nikiona hiyo picha nitalala."

Nikamwahidi. Ahadi ni rahisi mtu akiwa amekaa kwenye kochi.

Ijumaa mchana tuliondoka, baada ya sala, maana Kasimu, fundi mwashi niliyemkodi, hakosi msikiti na sikutaka aanze kazi ya marehemu akiwa na kinyongo. Tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nyuma tulipakia mifuko ya saruji, maboksi ya vigae, na koleo; begi lake fundi alikaa nalo mbele, amelikumbatia kama mtoto. Nzuguni tulisimama kununua mkate na sukari ya kupeleka nyumbani. Baada ya Ihumwa lami ikatuaga na vumbi likatupokea, likaingia mpaka kwenye meno. Njia nzima Kasimu aliniuliza kuhusu mchanga, kokoto na mahali pa kulala, nami nilikuwa na jibu la kila kitu. Mchanga upo, kokoto zipo, mjomba ameandaa chumba. Maji hakuuliza, na mimi sikuyawaza. Ukizoea kufungua koki, maji unayaona kama hewa.

Jioni tulipita mashamba ya zabibu ya Hombolo, tukaliacha bwawa upande mmoja, tukaendelea mpaka kwenye boma la bibi. Mjomba Daudi, kitindamimba wake, ndiye anayeishi pale sasa. Dereva alishusha mizigo, akasema atarudi Jumapili, akaondoka. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Kasimu, mtoto wa mjini, aliuvuta ule mlenda ukamfuata hadi kwenye kidevu, akasema ni mtamu, akala tena. Chakula kile kilinirudishia likizo zangu zote za utotoni. Bibi hakuwahi kukaa kula pamoja nasi mwanzoni. Alikuwa bado anafunga ndama, bado anapepeta, bado anampelekea jirani kitu. Akija kukaa, sisi tumeshamaliza, naye anakula ukoko kama vile ndio aliokuwa akiutaka tangu asubuhi.

Jumamosi asubuhi Kasimu alivua shati, akachanganya mchanga na saruji kavu, akanyoosha mgongo. "Haya, mama," aliniambia. "Maji yako wapi?"

Mjomba alilitazama bomba la kijiji kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekufa. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imeharibika tangu mvua zilipokatika.

"Bwawani je?" nikauliza.

"Yale yana chumvi," alisema Kasimu. "Vigae vyako vitaota ukungu mweupe kabla sijafika nyumbani. Jina langu sitalizika hapa."

Basi mimi na mjomba tukachukua madumu, tukashuka korongoni. Mto ule huwa na maji kwa muda mfupi tu wa masika. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, na wanawake huchimba visima humo humo mchangani, kila mmoja chake, mahali pale pale kila mwaka. Maji hutoka chini polepole, unayasubiri, unayachota kwa kata ya kibuyu. Tuliwakuta wanawake kadhaa wameinama. Niliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakafurahi kwamba sijasahau, kisha nikampigia goti Mama Malogo, jirani na rafiki wa bibi tangu ujana wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Mama yako miguu inaendeleaje?"

Nilimjibu, nikamweleza shida yetu. Nilidhani atainama anijazie dumu. Hakuinama.

"Haya maji ni ya kinywa," alisema. "Kinywa cha mtu na kinywa cha ndama. Kinywa cha saruji hatukijui."

"Lakini ni kwa ajili ya bibi Perisi."

"Tunajua. Ndiye aliyetukataza. Muulize huyu."

Mjomba Daudi akacheka kwa aibu. Alipotaka kuoa, alianza kufyatua matofali kiangazi, akajaza madumu yake kwenye kisima cha mama yake na kuyafunga kwenye baiskeli. Bibi alikuja, akayafungua, akayarudisha maji yote kisimani mbele ya watu. Alipomaliza alikaa akaendelea kuchota. "Nilioa nikiwa nalala kwa kaka," alisema mjomba. "Nyumba ilingoja mvua."

Mama Malogo akanyoosha mkono kuelekea kwenye kona ya mto. "Ila kisima chake kile pale. Hicho si chetu. Wewe ni mjukuu, ukitaka kuchota chota, hakuna atakayekushika mkono."

Nilishangaa, kwa sababu mwenyewe alikuwa kaburini mwaka mzima. Nani alikichimba? Nilipofika nilikikuta kina uzio wa matawi ya miiba, kina na kata yake. Mama Malogo alinifuata, akanieleza taratibu. Zamani bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchimba kila kiangazi, na aliyechelewa alikunywa kwake wakati anachimba cha kwake. Mwaka huu siku ya kuchimba ilipofika, wote walisimama pale mchangani wakitazamana, hakuna aliyejua kuanza. Mwisho wakaingia pamoja wakachimba cha Perisi kwanza. Maji yake sasa ni ya Bibi Nyendo, kikongwe kipofu ambaye bibi yangu alikuwa akimpelekea ndoo kabla hajajaza ya kwake. Wanawake wanapokezana kumpelekea.

Niliondoa miiba, nikashuka. Bibi alikuwa na wimbo wa kanisani, kwa Kigogo, aliouimba akisubiri maji. Ubeti ukiisha, kata moja imejaa. Sisi wajukuu tulidhani ni uchaji tu, na kweli ulikuwa uchaji, lakini pia ulikuwa unamzuia mtu kukwangua mchanga kwa pupa na kuyachafua maji. Nikauimba. Nikachota, nikaimba, nikachota. Dumu moja lilipojaa jua lilishapanda na mgongo ulikuwa unawaka, na Kasimu alikuwa amesema anahitaji madumu mengi.

Niseme ukweli, nilikasirika. Niliwakasirikia wale wanawake, nikamkasirikia mjomba na bomba lake, nikamkasirikia na marehemu mwenyewe. Maisha yake yote alibeba maji kwa ajili ya watu, leo anashindwa kupata ya kaburi lake. Na mama yangu anasubiri picha.

Wakati huo akaja msichana wa zamu, mjukuu wa Mama Malogo, na ndoo ya Bibi Nyendo. Alinikuta nimekaa juu ya kisima na dumu langu. Alinisalimia, akaketi kando, akaweka ndoo miguuni, akangoja. Chini yangu kisima kilikuwa na tope jembamba tu. Niliangalia dumu, nikaangalia ile ndoo. Kisha nikalifungua dumu, nikammiminia.

Nililia pale, na sioni haya kulisema. Siku ya mazishi nilikuwa nahangaika na sahani na wageni, sikupata nafasi.

Kabla hatujapanda kutoka korongoni, mjomba alinikumbusha miiba. Nikairudisha tawi kwa tawi, kisha nikakipiga kisima picha.

Kasimu alinuna. "Umenileta huku kula mlenda," alisema. Lakini si mtu wa kukaa bure. Alilisawazisha tuta, akamtuma mjomba mawe meupe ya kilimani, akayapanga kuzunguka kaburi kwa kamba na pima maji, kama anapanga vigae. Saruji tuliiweka ndani juu ya vijiti, karibu na ghala la uwele, isishike unyevu. Tuliombana radhi, mimi naye, kwa chai.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kaburini. Mwinjilisti aliomba kwa kifupi, jua lilikuwa kali. Bibi Nyendo aliletwa ameshikwa mkono, akayapapasa yale mawe moja baada ya jingine mpaka akalizunguka kaburi lote, akasema, "Pamenyooka." Kasimu alikuwa nyuma ya watu. Nilimwona anaficha tabasamu.

Alasiri kirikuu kilitufuata. Njiani nilikuwa na mzigo mmoja tu, maneno ya kumwambia mama. Niliyapanga Ihumwa, nikayapangua Nzuguni. Nilikwenda nikiamini kwamba tunamkumbuka bibi kwa kile tutakachomjengea. Nilirudi nikijua kwamba kuna watu wanamkumbuka kila asubuhi, na kwamba hawakuwa wakinisubiri mimi na vigae vyangu.

Makole nilimkuta mama amenyoosha miguu juu ya mto wa kulalia. Nilimpa simu bila maelezo. Aliitazama picha ya kaburi na mawe yake. Akaipita, akafika kwenye picha ya kisima, akakaa hapo.

"Walikataa maji," nilisema. "Nisamehe, mama. Saruji iko kwa mjomba."

"Nyumba yake, jiko lake, vyote alijenga mvua ikinyesha," alisema. "Na yeye atajengewa mvua ikinyesha." Akaisogeza simu karibu na macho. "Miiba umerudishia?"

"Nimerudishia."

"Maana mbuzi wa Daudi hawana adabu."

Hakuirudisha simu. Aliendelea kuitazama, na baada ya kitambo nikamsikia ameanza ule wimbo, kwa sauti ndogo. Alipomaliza ubeti alinyamaza kidogo, kiasi cha kata moja kuchotwa, ndipo akashika wa pili.