Jina Moja Linatosha

Maliro Eliezer nimemjua tangu tukiwa watoto wa kamasi. Tulisoma darasa moja, nyumba zetu hapa Butembo zinatazamana, na mke wake Orpa ni rafiki yangu, maana mtu hachagui rafiki kwa kumtazama mumewe. Asije basi mtu akaniambia namsingizia.

Shuleni hakuwa mwerevu, hakuwa mjinga. Alikuwa mwenye chaki. Mwalimu akitoka nje, Maliro alisimama ubaoni kuandika majina ya wenye kelele, na hakuna kitu kilichompendeza duniani kama kuona mwenzake anabadilika uso jina likianza kutokea. Aliandika polepole makusudi. Herufi ya kwanza, anageuka kututazama. Ya pili, anageuka tena. Ningejua kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya maisha, ningemnyang'anya chaki ile nikaitafuna.

Alipokuwa mtu mzima wakamfanya msomaji wa matangazo kanisani kwao. Sisi Wakatoliki tunasali ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tunatoka misa, tunafika nyumbani, tunapika sombe, majani ya muhogo, inaiva, na sauti ya Maliro bado iko kwenye kipaza sauti. Ndoa ya fulani. Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja, kila mtu na jembe lake. Mwavuli uliosahaulika kwenye benchi. Mwavuli mmoja aliweza kuuhubiri kuliko pasta anavyohubiri Injili, na wenye mvua vichwani walisubiri.

Kwa hiyo ofisi ya shule za upande wetu ilipotafuta mtu wa kuwapasha wazazi habari za usalama, nani mwingine? Debe tupu haliachi kuvuma, na waliolisikia wakadhani ni ngoma.

Kazi yenyewe si ya mchezo, na hilo ndilo linaloniuma. Huku kwetu unamvalisha mtoto shati jeupe asubuhi, anakwenda, na kabla ya mapumziko unasikia barabara imeharibika, au risasi zimelia mahali, au vijana wamefunga njia. Mzazi anataka kujua kitu kimoja tu: nimpeleke, nimwache nyumbani, au nikimbie kumchukua? Mtu mwenye akili angejibu kwa neno moja. Maliro neno moja halimtoki. Kila asubuhi alituandikia kwenye kundi la simu, kundi alilolifunga aandike yeye peke yake: «Chers parents, amani kwenu. Situation ni calme, mais tubakie vigilants.» Calme na vigilants pamoja, tulieni na mkae macho! Sasa mimi niinjike maharagwe au nifunge godoro?

Siku ambazo watu walikimbia vita kutoka upande wa Eringeti, tuliwaona kwa macho yetu wakipita na vyungu na mbuzi. Watoto wao walikuwa wameshaketi na wetu kwenye benchi, wanaazima kalamu, ndipo Maliro akatuandikia kwamba kuna minong'ono ya watu kuhama na tusiisambaze. Mke wa Maliro mwenyewe alikuwa amewapa blanketi.

Halafu wakampeleka semina, Beni, kwenye hoteli. Alirudi na gileti ya kaki, kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyonavyo, na kadi ya kuning'iniza shingoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Gileti ile aliivaa kazini, kanisani, na siku moja nilimwona nayo akifukuza kuku. Nikamwuliza, kwa utani wa majirani, kama kuku naye ni mzazi.

«Florentine, weye unacheka,» aliniambia. «Kule batufundisha bintu. Batufundisha protection. Jina ya mutoto mwenye kupata mubaya, hapana kuitaja yote. Jina moja inatosha.»

«Jina moja? Hapa kwetu?»

«Njo vile dunia yote inafanya.»

Dunia yote labda. Sisi Wanande jina la kwanza la mtoto hatulichagui, linakuja lenyewe kwa hesabu ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa nne ni Kakule, upende usipende. Kila nyumba iliyojaliwa wavulana wanne ina Kakule wake. Nenda sokoni uite «Kakule!» uone vichwa vinavyogeuka, vya watoto na vya wazee wenye fimbo. Ndiyo maana tunaongeza jina la pili, na la ubatizo, na tukishindwa kabisa tunasema yule wa mama fulani, wa pale kwenye mwavokado. Maliro anajua haya yote. Yeye mwenyewe ana wavulana wanne. Lakini mwalimu wa semina hakuyajua, na mwalimu alikuwa na projekta.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Nilikuwa kwenye meza yangu ya maharagwe, nachambua, tuliposikia risasi mbali, upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Hakuna aliyejua nani anapiga wala kwa nini, na hata leo kila mtu ana hadithi yake. Kisha zikanyamaza. Tukashika simu, kila mmoja anatazama kundi la Maliro, maana pamoja na dharau zote ndilo kundi tulilokuwa nalo. Simu ikalia. Nikasoma:

«Chers parents. Kufuatia incident, mwanafunzi wa jina Kakule ameumia vibaya. Yuko kituo cha afya Rughenda. Kwa sababu za protection hatutaji zaidi. Mubakie calmes.»

Kakule wangu alisoma huko huko Rughenda.

Sikumbuki nilivyoiacha meza. Nakumbuka maharagwe yakimwagika na kwamba sikuinama. Nilitaka mwanangu, basi, nimpate anapumua. Barabarani nikakuta si mimi tu. Akina mama walikuwa wanatoka kwenye kila njia, mwingine na unga mikononi, mwingine na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Mzee Kahongya, ambaye Kakule wake ana ndevu na anauza mafuta ya taa, naye alikuwa anakimbia. Marie-Jeanne, fundi wa kushona, alikuwa na futi ya kupimia bado shingoni, analia kwa sauti, «Wangu, wangu, wangu.» Waendesha pikipiki walituchukua watatu watatu, na wale waliobaki wakapanda kilima kwa miguu.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa hadi nje. Mlangoni alisimama muuguzi mmoja, Bénite, mgeni kwetu, ametokea Lubero juzi tu. Alikuwa ametandaza mikono kutuzuia.

«Bamama, pole pole! Mutoto ni moja tu! Ni Kakule Maliro. Kakule Maliro Jacob! Nani mama yake?»

Sijawahi kusikia umati ukishusha pumzi namna ile. Marie-Jeanne akaketi chini kwenye matope, akacheka. Mzee Kahongya alivua kofia. Na mimi nilifurahi, nasema wazi, moyo wangu ulicheza. Ndipo jina likaniingia. Maliro Jacob ni wa Orpa, wa nyumba inayotazamana na yangu. Na Orpa alikuwa ameondoka jana yake kwenda Lubero kununua viazi.

Niliingia ndani. Jacob alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, uso una rangi ya majivu. Risasi zilipolia watoto waliruka ukuta wa shule, na yeye akaangukia mtaroni, wenzake wakamwangukia. Mfupa ulikuwa umevunjika vibaya. Kumpeleka hospitali kubwa kulihitaji ruhusa ya mzazi, na mzazi hakuwapo.

«Mama Florentine,» akaniambia, «papa anakuja?»

«Anakuja.»

Nikatoka nje kumpigia. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Kisha kundi likalia: «Chers parents, tunaomba musipigie chargé wa habari simu binafsi. Mufuate njia officielle.» Nilitazama maneno yale mpaka nikayaona mawili mawili. Nikamwomba mwendesha pikipiki aende mpaka ofisini kwake. Akarudi peke yake.

«Mulinzi anasema papa Maliro iko mu mukutano, réunion de crise. Hapana kumusumbua. Nikamuambia ni juu ya mutoto Kakule, akasema habari ya Kakule banaijua tayari.»

Nikampigia Orpa. Alipiga yowe moja, halafu akaniuliza kama baba wa Jacob yuko pale. Nikamwambia mji mzima uko hapa, isipokuwa yeye. Orpa akasema anatafuta gari la kurudi, na katika sauti ile nilisikia jinsi mwanamke anavyochoka na mtu.

Tulikaa na Jacob. Marie-Jeanne alimshika mkono, mama mwingine nisiyemjua alimpa uji kwa kijiko. Mama zake walikuwa wengi kama Kakule walivyo wengi. Bénite alikuwa anapita na kurudi, amekasirika.

«Nilimupigia miye mwenyewe ule mutu wa gileti,» alisema. «Namba yake iko ku mulango. Nikamuambia tuko na mutoto, amevunjika muguu. Akauliza jina. Nikasema Kakule, na mbele ya kumaliza jina akapiga kelele, stop, mama, inatosha! Nikasema, mais papa, iko na jina ingine. Akasema ile ingine ni confidentielle. Akakata simu. Nilikuwa nayo hapa ku mudomo, yote!»

Hakujua anachokisema. Mimi nilijua, na nikamweleza. Alifunika uso kwa mikono.

Basi Maliro akaja. Msidhani alikuja kwa kuwa moyo ulimshtua. Alikuja na gileti na kadi shingoni, simu mkononi tayari kupiga picha, kwa sababu tangazo la pili lilihitaji, kama anavyosema, éléments, yaani picha na maelezo. Alipita katikati ya akina mama akisema «pardon, pardon, service», nao wakampisha. Mlangoni akasimama, akaandaa koo kama pale kanisani.

«Infirmière, mzazi wa mutoto amekwisha kupatikana?»

Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya kitanda, nimekiziba. Nikasogea.

«Sasa ndiyo amefika,» nikasema.

Jacob aligeuza kichwa. «Papa,» alisema, «nilikungojea sana.»

Nimemwona Maliro kwenye misiba, kwenye harusi, na siku alipofeli mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari. Siku zote alikuwa na la kusema. Siku ile simu ilimponyoka, ikaanguka, na ikaendelea kulia chini, wazazi wanamtafuta. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kunitosha mpaka Krismasi. Yakanikauka. Nilimdharau bado, ila sikuwa na mahali pa kuyaweka.

«Vua hiyo,» nilimwambia.

Akavua gileti. Nikaikunja, mifuko na yote, nikaiweka chini ya mguu wa mtoto, ukainuka kidogo, Jacob akaacha kukunja uso.

Bénite alileta karatasi ya hospitali kubwa na kalamu. Alijua kila kitu kilichopaswa kuandikwa pale, lakini alimwuliza, na wanawake wote mlangoni wakasogea kusikiliza.

«Jina ya mutoto, papa. Yote.»

Akapiga magoti kando ya kitanda na kulitaja lote, polepole: Kakule Maliro Jacob. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Bénite alimwomba arudie.