Mbao za zizi la Mama Chebet

Leo nimenyamaza mahali nilipaswa kusema, na kijiji chetu kimekosa daraja.

Watu wa ruzuku ndogo ya wanakijiji walikuwa wanakuja kuona kile kijito tunavuka tukienda kliniki, ndio watupe pesa za daraja. Mimi ndiye niliambia akina mama jana, "Sasa wageni watakanyaga matope na viatu vyao?"

Tukang'oa mbao za zizi la Mama Chebet, jirani yangu, tukazipanga juu ya maji. Zikapendeza, aki.

Leo wageni wakavuka vizuri. Wakanywa mursik, maziwa yetu ya kuganda. Halafu mkubwa wao akasema, "Nyinyi mmejitahidi. Wacha tusaidie wale hawana daraja kabisa."

Mama Chebet akaniangalia.

Ningesema tu, "Mbao ni za kuazima." Lakini aibu ikanishika, nikamwongezea yule mkubwa mursik.

Jioni Mama Chebet akaja kubeba mbao zake. "Usilie, Mama Kiprono. Ndama wangu nao wanataka nyumba."

Kesho ni kliniki ya mtoto. Nitavuka naye mgongoni, maji kwa magoti.

Nambari ya yule mkubwa niko nayo. Nataka kumpigia nimwambie ukweli.

Wenzangu, mngeanza na neno gani?