Tumbo la Tembo Wangu

Tembo wangu wa tatu wa udongo alipopasuka tanuruni, uvumilivu wangu uliisha. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikatia vipande kwenye ungo, nikaenda kwa mtendaji wa kata hapa Mkunya kumshtaki jirani yangu, Mama Zuhura.

Marehemu bibi yangu, mfinyanzi wa vyungu, alinifundisha kwamba kuni zikishawaka hakuna kusalimiana, vyombo vitapasuka. Na Mama Zuhura kila nikichoma lazima apite: "Hujambo, Mama Chiku? Na wanyama hawajambo?" Maonyesho ya Masasi yalikuwa yamekaribia, nami sina hata mkia.

Nilijaza fomu kwa hasira, mtendaji akagonga mhuri, kisha akamwita mshtakiwa. Mama Zuhura hakubisha. Aliokota kipande cha tumbo, kinene kama tofali, akaangua kicheko.

"Mwanangu, bibi yako alifinyanga vyungu. Chungu ni kitupu ndani! Wewe tembo umemshindilia udongo mpaka kooni, mvuke utokee wapi?"

Mtendaji alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilijifanya nambembeleza mtoto, na mtoto alikuwa amelala.

Tembo wa nne nilimkomba tumbo, nikamtoboa tundu chini ya mkia. Mama Zuhura alimsalimia tangu ukuni wa kwanza hadi wa mwisho. Tembo alitoka mzima, na kule Masasi watu walipanga foleni kupiga naye picha!

Ila fomu ilikuwa na mhuri, haikufutika. Niliruhusiwa tu kukata jina la mshtakiwa na kosa, niandike upya. Sasa imo kwenye faili: "Mlalamikaji: Mama Chiku. Mlalamikiwa: Mama Chiku. Kosa: kumnyima tembo pumzi."