Mume Aliyekonda Mikononi Mwangu

Mume wangu alinioa akiwa mwembamba, na mimi ndiye niliyemnenepesha. Sasa nasema hivyo bila kujisifu, ingawa miaka ile nilijisifu sana. Kwetu Nyansurura, katika miaka ya hamsini, hakuna aliyemuuliza mwanamke kama anatunza nyumba yake vizuri. Watu walimtazama mume wake tu. Akiwa na mashavu na shingo imejaa, walijua kwamba nyumbani kuna ng'ombe wanaokamuliwa, kuna wimbi ghalani, na kuna mke asiye na kinyongo. Mume akikonda, walianza kukutazama wewe.

Yeye alikuwa karani wa baraza. Alijifunza kuandika katika shule ya misheni, na kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kiti tangu asubuhi akiandika kesi za ng'ombe walioibwa na wake waliokimbia. Kesi ikiisha kwa mapatano, mbuzi alichinjwa pale pale, na karani hakusahaulika. Jioni alirudi na shibe ya barazani akaikuta na yangu inamsubiri: ugali wa wimbi, nyama yenye mafuta, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Baadaye wazee walimwita kwenye chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake. Ilifika mahali kiti chake cha barazani kikabadilishwa kwa sababu hakutosha tena kwenye kile cha kwanza. Siku kiti kipya kilipoletwa, niliwasimulia wanawake wenzangu kisimani, nikacheka kwa raha.

Ningependa kusema kwamba sikuona miguu yake ikivimba. Niliona, nikaita afya. Nilimsikia akihema kila alipopanda kile kilima kidogo cha kwetu, nikaita uzee, na wala hakuwa amefika miaka arobaini. Kisha siku moja, wakati wa palizi, walimleta wamembeba juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa ameanguka njiani akienda barazani, na midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Tukaomba lori la mnunuzi wa ngozi, tukampeleka hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mzungu mzee ambaye Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na changu kilikuwa kibovu kweli, maana nyumbani tulisema lugha yetu tu. Alimpima, akatuketisha wote wawili, na wala hakuzunguka. "Mwili huu ni mzito kwa moyo wako," alimwambia. "Ukiendelea hivi utakufa, na hutakawia." Akaagiza mafuta yaachwe, pombe iachwe, ugali upunguzwe nusu, mboga ziongezwe, na kila siku atembee mpaka atoe jasho. Halafu akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye unayepika. Dawa yake iko mikononi mwako." Nikamjibu ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua anachokubali.

Daktari hakujua jinsi tunavyokula. Wanaume wa boma letu, yaani mume wangu na ndugu zake wawili, walikula pamoja nje, karibu na zizi. Kila nyumba ilipeleka chakula chake, kikawekwa katikati, na mikono yote ikaingia humo. Mkono unaosita huonekana. Juma la kwanza alijaribu kuchagua mboga peke yake, na kaka yake akamsukumia mnofu. "Mura, kula," alimwambia, kama kijana anavyoitwa kwa lugha yetu. "Hospitali wamekutia woga?" Akala, maana kukataa nyama aliyokupa ndugu yako kwa mkono wake ni kumtukana.

Basi nikamtoa pale. Nikamwekea sahani yake ndani kwangu, karibu na mafiga: mgagani au majani ya kunde yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, tonge la ugali lisilozidi ngumi, na maziwa niliyokwisha kuyatoa siagi. Aliinama juu ya sahani ile mlango ukiwa umerudishwa, na nje tuliwasikia ndugu zake wakila na kucheka. Kwetu mwanaume halili jikoni kwa mkewe. Anayekula peke yake anaficha kitu, na wanaoficha zaidi, tuliamini, ni wachawi. Mimi nilijua hayo yote tangu utoto. Nilidhani watu wataelewa kwa sababu sisi tulikuwa tumeelewa.

Kutembea nako kulituletea balaa. Alitoka alfajiri, kabla ya baraza, akashuka mpaka kijitoni na kurudi kwa njia ya juu, inayopita kwenye mazizi ya ukoo mwingine. Mwanaume mzima, hana mzigo, haswagi mnyama, hana anakokwenda, leo anapita na kesho anapita tena. Kwetu mtu huyo alijulikana kwa kazi moja tu, kupeleleza ng'ombe wa watu. Asubuhi ya tatu yowe likapigwa. Wanaume wakatoka na mikuki, wakamzunguka, wakamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi mahali, anatembea tu ili apunguze mwili. Walitazamana. Mmoja alimuuliza, kwa huruma kabisa, kama kichwa chake kizima. Walimwachia kwa sababu kesi zao aliwaandikia yeye, lakini walimwambia asipite tena.

Alirudi amejaa hasira. Nikamwambia, "Baba watoto, shika jembe. Jasho ni jasho." Tangu siku hiyo alipalilia wimbi pamoja nami kila asubuhi. Palizi ni kazi ya wanawake kwetu, na wanawake wa shamba la pili walipomwona ameinama mistarini waligeuza migongo ili wasimwaibishe. Yeye hakuwajali. Mwanzoni alipumzika kila hatua chache, akishika kiuno. Mvua za vuli zilipofika alikuwa ananipita, akifika mwisho wa mstari ananisubiri na kunicheka.

Ilikuwa inafanya kazi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walilikana. Uvimbe wa miguu uliisha. Alilala chali bila kukoroma mpaka anashtuka. Siku moja alipanda kile kilima bila kusimama, akaniita kutoka juu, na nilipofika aliniambia, "Leo nimeisikia miguu yangu. Nilikuwa nimeisahau." Nilimpenda siku hiyo kuliko siku alipotoa ng'ombe kwa baba yangu.

Lakini nguo zilimning'inia. Shingo ilitoka kwenye kola kama ya kijana, na uso ukaonyesha mifupa. Barazani mzee mmoja alimwamkia kwa pole, akidhani ana kifua kikuu. Kisimani wanawake walianza kunisogezea nafasi ambayo sikuiomba. Nikitua mtungi, wao wanainua yao. Kisha nikaanza kusikia maneno. Kwamba nimemlisha kitu cha kumfunga, ndiyo maana analima kama mke. Kwamba namfungia ndani akila ili watu wasione ninachompa. Kwamba siagi ninayoitoa kwenye maziwa yake naipeleka kwa mwanaume mwingine.

Mama mkwe hakusema kisimani, alinijia nyumbani. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ameshazika watoto wanne, wote walikonda kwanza. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akajibu marahaba bila kuketi.

"Mwanangu unamfanya nini?" aliuliza.

"Ni maagizo ya daktari, mama. Ana ugonjwa wa moyo."

"Alipokuwa na ugonjwa huo alikuwa mtu," alisema. "Sasa anapona, nami namwona anaondoka."

Mume wangu alimweleza yeye mwenyewe. Alimweleza mara tatu, kwa heshima, akamwonyesha miguu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba mtu aliyefungwa ndivyo anavyosema.

Hayo yote niliyabeba. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ilinisaidia. Nilipita katikati ya wale wanawake nikiwa nimenyoosha shingo. Kilichonivunja ni mama yangu mzazi. Alitembea kutoka Nyambureti, nilikozaliwa, siku nzima, na miguu yake ilikuwa mibovu. Hakukubali hata maji. Alisema habari zimefika kwetu, na kwamba ndugu za mume wangu wametuma mtu kwa baba kuuliza kama katika ukoo wetu kuna wanawake wanaojua dawa. Wadogo zangu wawili walikuwa hawajaolewa. "Nani atatoa ng'ombe amchukue dada wa mwanamke anayekausha wanaume?" aliniuliza. Nikamwambia habari za moyo na mafuta. Akanitazama kana kwamba nasema Kizungu. "Mnenepeshe kidogo tu," alisema. "Wanyamaze."

Kidogo tu. Neno hilo nililishika, kwa kuwa lilinipa ruhusa. Kesho yake nilichukua samli, nikatia kijiko kimoja kwenye mgagani. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba kijiko kimoja hakimuui mtu, na hiyo ni kweli. Keshokutwa nikatia viwili.

Siku ya tatu alionja, akaacha mkono juu ya sahani. Mgagani usio na mafuta una uchungu. Mtu aliyeula kwa miezi minane hawezi kukosa kujua. Alinitazama. Mimi nilikuwa nachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Mboga ya leo ina ladha," alisema.

"Ni mboga changa tu," nikamjibu.

Alikuwa ameyasikia yote, ya kisimani na ya Nyambureti. Karani husikia kila kitu. Kama angenigombeza ningemwaga ile sahani, naapa, na ningeanza upya. Hakunigombeza. Alimaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akanipa. "Basi niongeze," alisema.

Nikamwongeza. Nimeishi na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na yeye. Alinihurumia, nami niliipokea huruma yake na kuitia kwenye sahani yake. Hatukulizungumza hata siku moja. Baada ya majuma machache nilifungua mlango, akatoka kwenda kula na ndugu zake, na kaka yake akamsukumia mnofu kwa furaha ya kweli kabisa. Jembe nililitundika. Wazee walimwita kwenye pombe, akaenda. Mara chache nilimwona asubuhi amesimama uani, anatazama shamba, halafu anaingia kuvaa shati la barazani.

Mashavu yalirudi upesi, upesi kuliko yalivyokwenda. Kisimani walianza kunisaidia kujitwika mtungi. Mmoja wa wadogo zangu akaposwa. Mama mkwe alikuja na kuku, akaketi jikoni kwangu, akanisimulia habari za ujana wake mpaka jua likazama. Nilikuwa mtu tena. Miguu ya mume wangu ilipoanza kuvimba tena, nilimkanda kwa maji ya moto nikiwa nimeinamisha kichwa, naye alitazama ukutani.

Alikufa wakati wa kuvuna wimbi, barazani, kwenye kiti chake. Walisema alikuwa anaandika, kalamu ikaanguka, wakadhani anaiokota. Walihitaji wanaume wengi kumleta.

Siku ya mazishi watu walikuja kutoka mbali. Kabla ya kumtoa, wazee waliingia kumtazama, na nilisikia wanavyosema mlangoni. Walisema mwili ni mzuri. Walisema hakuteseka, hakukauka, kwamba ugonjwa ule wa mwaka uliopita ulimwacha na alikufa kwa kifo cha Mungu tu. Hakuna aliyeuliza kuhusu dawa. Nyambureti kwa baba hawakutuma mtu.

Mama mkwe alinikuta nimekaa kwenye majivu pamoja na wanangu. Aliinama kwa shida, akanishika mikono yote miwili, hii hii, mbele ya wanawake wote wa kijiji.

"Asante, binti yangu," alisema. "Umenirudishia mwanangu kabla hajaondoka. Umemlisha vizuri."

Wanawake waliitikia. Nilitazama mikono yangu ndani ya mikono yake, nikafungua mdomo nimwambie. Lakini wote walikuwa wananitazama kwa upendo, na nilikuwa nimekosa upendo huo kwa muda mrefu, na Mungu anisamehe, niliona fahari.

"Asante, mama," nikajibu.