Kura ya Kumnyamazisha Asgerd

Jirani yangu Torkild Vinther ni mtu wa kura. Aliendesha lori la maziwa maisha yake yote, sasa kastaafu, na ndiye mwenyekiti wa jengo letu la ushirika hapa mjini Horsens. Rangi ya banda la baiskeli? Kura. Ndege wapewe mbegu gani? Kura. Ukimwambia, "Torkild, amua tu, baba," anakutazama kana kwamba umemtukana mamake.

Kila Jumapili mchana hushindana mbio za magari kwenye kompyuta na dada yake Asgerd, aliyeko mji wa mbali wa Skagen. Ndugu hawa waligombania kabati la marehemu mama yao wakanuniana miaka kumi na zaidi. Mchezo huo ndio uliowapatanisha. Simu hawaiwezi, wataulizana hali ya hewa tu. Lakini kwenye mbio wanatukanana, wanacheka, roho zinatulia. Na Torkild hana ndugu mwingine aliyebaki.

Basi kanunua kadi mpya ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora mchezo kwenye skrini. Kompyuta ikamwuliza: nikuwekee sehemu zipi za programu yake? Ya picha, ya sauti, ya kurekodi mchezo, ya kuwapelekea watengenezaji ripoti? Weka alama unapotaka. Mtu mzima akaitisha mkutano mkuu!

Tukakusanyika chumba cha chini, kahawa na keki mezani. "Mimi nina maslahi," akasema, "siwezi kuwemo." Akatoka akasimama koridoni, sisi tukabaki kuamua habari za kompyuta yake. Jamani!

Picha ilipita, ingawa Bi Merete wa ghorofa ya pili aliuliza kama kuna ulazima wowote. Kurekodi kukakataliwa. Ripoti ikapita kwa makofi, maana sisi hatuna cha kuficha. Ikabaki sauti.

"Huyo dada yake ana mdomo!" Merete akafoka. "Namsikia mpaka chooni kwangu."

"Nawe usishinde chooni," nikamjibu.

Kura zikalingana. Kura ya kuamua ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti yuko nje. Sauti ikaanguka.

"Kanuni ni kanuni," Torkild alisema. Spika zake zimo ndani ya skrini, na bila sehemu ile skrini ni bubu. Spika za kuvaa kichwani haziwezi, maana masikio yake ni mazito na yana vifaa vya kumsaidia kusikia, navyo vikifunikwa vinapiga mluzi.

Jumapili nilimpelekea keki iliyobaki, nikamkuta anaendesha kimyakimya, mnyonge kabisa.

"Asgerd," akakiambia kipaza sauti, "wewe unanisikia, mimi sikusikii. Mkutano umeikataa sauti yako."

Gari jekundu la Asgerd likasimama. Likageuka. Likaja mbio kinyume cha njia, likamgonga puu! Likarudi nyuma, likamgonga tena.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Sijui."

"Hujui? Torkild, kwa anavyokugonga, hata mimi namsikia!"

Akaduwaa. Halafu uso ukamchangamka. "Hakuitwa mkutanoni," akanong'ona. "Jambo linamhusu yeye, na hakupewa taarifa. Kura ile ni batili!"

Akaufunga mchezo, akaweka alama kwenye sauti. Tulisubiri, nikala keki yote kwa hasira. Aliporudi barabarani, gari jekundu lilikuwa linamngoja.

"...na hicho chama chako cha wapuuzi!" Asgerd akajaa chumbani.

"Nakusikia, dada."

Sauti ya Asgerd ikashuka. Hakuwa anapiga kelele tena. "Torkild. Miaka yote ile uliyoninunia, uliitisha mkutano gani?"

 Mwenyekiti wetu akanigeukia, akitafuta wa kumuunga mkono. Nikatazama sahani.

"Hakuna," akasema. "Niliamua mwenyewe. Nisamehe."

Tukamsikia kule Skagen akipenga kamasi. "Haya, endesha, bwege wewe," akasema.